Mwanandani, Neno Alilonipa Baba

Baba alikuwa mtu wa kusini, seremala, na mtaani kwetu Temeke akifa Mwislamu yeyote, yeye ndiye aliyeitwa kukata mbao za kaburi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mbao hizo ni za nini. Akanieleza kwamba ndani ya kaburi, chini kabisa, huchimbwa kishimo kingine chembamba. Humo ndimo maiti hulazwa kwa ubavu, akaelekezwa kibla, kisha mbao hufunika ili mchanga usimwangukie. Kishimo hicho huitwa mwanandani.

"Kaburi ni neno la Kiarabu, mwanangu, limekuja na dini," alisema. "Hili letu. Kaburi ni mama, na hicho ni mwana aliye ndani."

Mdogo wangu wa kiume alikuwa nje anacheza mpira.

Baba alipougua nilimuuguza mimi. Nilimgeuza, nilimnywesha uji, nilimkata kucha. Mdogo wangu, aliyehamia kwenye nyumba yake mpya Mbweni, alikuja Jumapili moja moja, akakaa na simu yake, akaondoka akikimbia foleni. Siku ya maziko sisi wanawake tulibaki nyumbani, kama ilivyo desturi yetu. Yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea Baba.

Alirudi na mchanga kwenye magoti ya kanzu. Niliuonea wivu mchanga ule! Huzuni nilikuwa nayo, sikatai, lakini wivu ndio ulionizuia kumpa pole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wanasema. Mimi niliinama kitandani kwa Baba mpaka mgongo ukapinda. Yeye kainama mara moja tu, na chake kakipata.

Baada ya hitima ya arobaini, wageni walipokwisha kuondoka, tulibaki jamvini mimi, yeye na wanawe wawili.

"Babu yenu nilimpokea mie," akawaambia, kama alivyokwisha kumwambia kila mtu. "Nikamlaza kwa mikono yangu kwenye kale kashimo ka ndani." Akanigeukia. "Dada, Baba alikuwaga anakaitaje vile?"

Watoto wakanitazama. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Kila kitu alikuwa nacho, na bado alitaka na hilo.

"Sijui," nikasema, nikaanza kukusanya vikombe.