Hatua Tano Mpaka Mafigani

Bibi yangu, mama yake baba, alipika miaka mingi akiwa haoni, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kulisema jambo hilo kwa sauti. Nalitanguliza kwa sababu bila kulijua, mpango wote wa mama yangu kuhusu jiko letu jipya utaonekana ubishi wa mwanamke asiyetaka maendeleo. Wengi waliuona hivyo wakati ule, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Tulikaa Handeni, mbali na barabara, nyumba moja huku na nyingine kule ng'ambo ya bonde. Jiko lilikuwa kibanda cha fito na udongo nyuma ya nyumba, kimeezekwa nyasi zilizokuwa nyeusi kwa moshi. Humo bibi alitawala. Mkono wake ulikwenda kwenye kata, kwenye mwiko na kwenye kopo la chumvi lililoning'inia ukutani, bila kupapasa. Bada yake, ule ugali wa muhogo, haikuwa na donge hata moja. Ukisimama mlangoni alijua, nadhani kwa upepo kukatika, naye alisema bila kugeuka, "Toka hapo mlangoni, unanizibia mwanga." Tulitoka upesi. Mwanga gani, hatukuuliza.

Tulinyamaza kwa sababu ya kikongwe mmoja jirani. Wanawe walitangaza kwamba mama yao haoni tena, wakamwondoa jikoni kwa mapenzi kabisa, wakamtandikia mkeka barazani. Aliletewa chakula na kunawishwa mikono, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza neno juu ya jambo lolote. Bibi alikuwa akienda kumsalimu, akirudi amenuna mpaka jioni. Mama alikuwa mkwe wake, na mkwe hamwambii mama mkwe kwamba macho yameisha. Lakini aliona ule mkeka ulikuwa unamngoja nani.

Kisha tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, kando ya barabara iendayo Korogwe. Kila familia ilipimiwa kiwanja, na watu wakawa wanajengeana kwa zamu. Bwana maendeleo alikuja mpaka kwetu, kijana mstaarabu aliyemwamkia bibi kwa kuinama, akamweleza mama namna ya jiko la kisasa: meko ya kuinuliwa, mtu apike amesimama, dirisha kubwa, kila kitu mahali papya. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba na nilijiona msomi wa ukoo. Niliyapenda yale meko kabla sijayaona.

"Asante sana, baba," mama alimjibu. "Mimi nataka lile lile nililonalo."

Bwana maendeleo aliondoka akitikisa kichwa, nami nilimwonea mama haya.

Mama hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, lakini mpaka leo sijaona mtu aliyepanga jambo kama alivyopanga jiko lile. Kwa muda wa majuma kadhaa alikuwa akihamishia kazi zake karibu na bibi. Akichambua kunde, anachambulia jikoni. Akishona mkeka, anashonea jikoni. Kumbe anahesabu. Kutumia kamba hakuweza, maana bibi angesikia kamba ikiburutwa sakafuni, na angejibiwa nini? Kwa hiyo alihesabu hatua za bibi kwa macho, leo mara tatu, kesho mara tatu, mpaka akaridhika. Halafu alinivuta nyuma ya nyumba na daftari langu la shule lililobaki na kurasa.

"Andika. Mlangoni mpaka mafigani, hatua tano. Mafigani mpaka mtungi wa maji, hatua mbili, mkono wa kushoto. Chumvi, usawa wa sikio."

Niliandika kwa mwandiko mzuri sana. Nilipiga na mistari kwa rula.

Mimi na baba tulitangulia kijijini kujenga, mama akabaki na bibi. Baba alikuwa amekata mkonge huko Mazinde ujana wake wote. Alikuwa mrefu kweli kweli, mwenye hatua za mtu aliyezoea kuwahi mwisho wa mstari wa mkonge kabla ya jua kali. Nilisimama kwenye kiwanja na daftari langu nikamsomea, "Mlangoni mpaka mafigani, hatua tano." Baba akapiga hatua tano, akachomeka mti. Nikasoma, "Chumvi, usawa wa sikio." Akagusa sikio lake, akatia alama. Wenzake waliokuja kutusaidia walimsifu kwamba amepata binti katibu. Shule ilikuwa imenifundisha kwamba tano ni tano, nami sikuona la kuongeza.

Jiko lilipokauka, mama na bibi wakaletwa na lori pamoja na vyombo. Bibi hakutaka kuketi. "Nionyesheni jiko langu," alisema, chungu chake kikubwa kikiwa mikononi. Mama alitangulia akiongea mfululizo, mara habari za vumbi la njiani, mara habari za kuku, ili bibi aifuate sauti yake mpaka mlangoni. Hapo akampisha.

Bibi aliingia kwa uhakika wake wa siku zote. Alipiga hatua tano, akainama, akaweka chungu juu ya mafiga. Mafiga hayakuwapo hapo. Chungu kilikaa sakafuni, katikati ya chumba, mbali na mawe yale matatu. Aliinua mkono kutafuta chumvi na mkono ukabaki hewani. Kisha akageuka, akatoka akipapasa ukuta. Sikuwa nimewahi kumwona akipapasa kitu.

"Jiko zuri," alisema. "Pana."

Akaketi kwenye mkeka tuliomtandikia barazani. Siku ile alisema amechoshwa na lori, tupike wenyewe. Kesho yake goti lilimuuma. Siku ya tatu hakutoa sababu, alinyoosha tu mikono anawishwe, na mama akammiminia maji.

Mchana huo mama aliniita. "Lete daftari. Soma."

Nikasoma.

"Hatua za nani?"

"Za baba."

"Baba yako ndiye anayepika?"

Nilianza kujitetea kwamba niliandika kama alivyosema, tena kwa rula, halafu nikamwona bibi kule kwenye mkeka, amegeuzia uso ukutani, nikalifunga daftari. Niliona aibu ambayo hata leo nikiikumbuka uso unawaka. Kwa mara ya kwanza nilielewa lile daftari lilikuwa la nini, na kwamba mama asiyejua kusoma alikuwa ameandika humo kitu ambacho mimi msomi sikukisoma.

Mama hakunigombeza zaidi. Asubuhi iliyofuata alifagia uwanja mpaka vumbi likalala sawasawa, kisha akamwomba bibi amsindikize kwa jirani mpya wakamsalimie. Wakavuka uwanja taratibu, mama akitembea kando kidogo. Waliporudi na bibi akaketi, mama alichukua ufito na panga, akainama kwenye nyayo za bibi vumbini, akapima kutoka kisigino mpaka kisigino, akakata.

Alimpelekea baba. "Hii ndiyo hatua," alimwambia.

Baba aliushika ule ufito akaugeuza geuza. Ulikuwa mfupi. Aliusimamisha kando ya mguu wake, akatazama ulipoishia, na nadhani hapo ndipo alipojua mama yake amekuwa mdogo kiasi gani.  Alikwenda kuwaita wenzake.

Walibomoa ukuta wa mbele wa jiko wakauingiza ndani, wakipima kwa ule ufito, na paa la nyasi likabaki limetokeza nje kama kibaraza. Bibi aliuliza kelele ni za nini.

"Mchwa, mama," mama akajibu. "Fito za mbele zilikuwa na mchwa."

"Nilihisi," bibi alisema.

Mtungi nao ukasogezwa, na kopo la chumvi likashushwa mpaka usawa wa sikio la mtu mfupi. Bwana maendeleo alipopita alisimama kukitazama kile kibaraza, akasifu kwamba sasa mpishi ana kivuli cha kuchambulia mboga, akawaambia na wengine waige. Wakaiga. Majiko kadhaa ya kijiji kile yalipata vibaraza, na hakuna aliyejua kilikotoka kipimo. Mama alisema, "Asante sana, baba," akaendelea kutwanga.

Udongo ulipokauka hakumwalika mtu aje kuona jiko. Aliketi uwanjani na ungo wa kunde, akasema kama anayejisemea, "Unga upo, maji yapo, na mimi kunde hizi hazitaisha leo." Kisha akainamia ungo wake.

 Bibi akashika chungu chake, akainuka, akaingia. Nilinyata mpaka mlangoni, nikazihesabu hatua zake. Ya tano, akainama. Chungu kikagusa mawe yote matatu kwa mpigo mmoja. Mkono wake ukapanda ukutani, ukakuta chumvi, ukatulia hapo juu ya kopo.

"Toka hapo mlangoni," alisema bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

Nilimtazama mama. Kichwa kilikuwa kimeinamia kunde, lakini vidole vilikuwa vimesimama.

"Mpishe bibi yako," aliniambia, "aone."