Kukhu wa Binti Yangu

Nina miaka thelathini na minne, na vijana wa bodaboda hapa mtaani Langas huniita shosho, yaani nyanya. "Shosho, shika vizuri usianguke." Nikiwatupia jicho baya wanacheka, wanasema shosho leo ameamka vibaya. Kanisani, wanawake wa rika langu wananipisha kiti cha mbele. Benki, askari wa mlangoni ananitoa kwa foleni: "Mama mzee, pita huku." Zamani nilikuwa nachomoa kitambulisho nimwonyeshe mwaka niliozaliwa. Siku hizi napita tu. Kama mmeshaamua mimi ni mzee, angalau nisisimame bure.

Ilianza binti yangu alipoacha kunyonya. Nilishikwa na homa, mwili ukavimba madoa makubwa yanayowasha, yakaisha, na pale yalipoishia ngozi haikurudi ilivyokuwa. Shingo ndiyo iliyotangulia. Kisha mashavu, kisha chini ya macho, kisha ndewe za masikio. Mtoto alipoanza kuongea vizuri, uso wangu wote ulikuwa umeshuka. Nikivuta shavu linakuja na mkono, na nikiliachilia linabaki likining'inia.

Daktari wa ngozi, kijana mpole, aliwaita wanafunzi wake waje kunitazama. Akawaambia ndani ya ngozi kuna nyuzi zinazoivuta irudi mahali pake, na zangu zimeharibika. Ugonjwa unaitwa kutis laksa, ni wa nadra sana, akasema, utafikiri ananipongeza. Mimi ni fundi cherehani. Nikamwuliza, yaani lastiki imekufa? Akasema ndiyo, hivyo hivyo. Basi wekeni ingine, nikamwambia. Wanafunzi wakacheka. Yeye akanieleza polepole kwamba hakuna dawa, kwamba hata nikipasuliwa uso uvutwe, ngozi inaweza kushuka tena.

Baba ya mtoto alivumilia kidogo. Siku moja mtu akamsimamisha barabarani akamwuliza kama mamake amekuja kumtembelea kutoka nyumbani. Huyo mamake alikuwa ni mimi! Haukupita muda akaenda Kitale kutafuta kazi. Mpaka leo anaitafuta.

Sikumlilia sana. Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja, na si kikubwa. Kwetu mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi linawekwa kando, anaitwa mama wa fulani: sokoni, kanisani, kwa chama, kila mahali. Mimi nilionja hilo jina kidogo tu, kisha wateja wapya wakaanza kuniita kukhu, nyanya, na wale wa zamani nao wakafuata. Nyumbani peke yake ndiko nilikobaki mama.

Wiki moja kabla ya mahafali ya nasari, ticha wa binti yangu alinisimamisha langoni. Ni msichana mchangamfu, hana ubaya wowote, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Kukhu, pole na kazi ya kulea. Huyu mtoto anampenda mamake! Kila asubuhi tukiomba, lazima aombe Mungu amlinde mama huko Saudia. Hata alituletea picha yake. Msichana mrembo kweli kweli."

Sikuhitaji kuuliza ni picha gani. Ni yangu ya kabla ya ugonjwa, nimevaa kitenge cha manjano, mtoto akiwa mgongoni. Na ticha angejuaje? Langas imejaa watoto wanaolelewa na nyanya zao, huku mama zao wako Uarabuni wakifua nguo za wenyewe. Mtu angeniambia mtoto kama huyo ana mama Saudia, hata mimi ningeamini.

Nikasema asante. Aki ya nani, nilisema asante!

Jioni nilimkalisha binti yangu kwa stuli. Mkono uliniwasha kumchapa, nikaukalia. Nikamwuliza ni nani aliye Saudia.

"Walinicheka, mama," akasema. "Walisema mama ya mtu hawezi kuwa mzee hivyo. Walisema wewe uliniokota."

"Na siku ya mahafali utawaambia mimi ni nani?"

Akaangalia sufuria ya maharagwe.

Shule yao ina desturi yake. Mtoto anaitwa jina, anapanda jukwaani na joho lake, na mamake anapanda kumvisha shada la karatasi zinazometameta. Majoho ya darasa lote nilikuwa nimeshona mimi kwa cherehani yangu. Nikaapa kwamba ticha akiniita kukhu mbele ya watu, nitamnyang'anya hiyo maikrofoni na wote watanijua siku hiyo.

Siku ikafika. Jina la binti yangu likaitwa. "Mama yake yuko Saudia, anatafuta riziki," ticha akatangaza, "lakini leo tuko na kukhu wake, mpigieni makofi!" Wakapiga, tena kwa nguvu, yale ya kuhurumia. Nikapanda na shada mkononi. Maneno nilikuwa nayo yote mdomoni.

Binti yangu aliniona nikija. Akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, hapana. Alikuwa ananiogopa. Mtoto niliyembeba mgongoni alikuwa amesimama pale akiniogopa, na wenzake wamemkodolea macho kutoka safu ya mbele.

Nikamvisha shada. Nikalinyoosha mabegani. Maikrofoni nikaiacha mkononi mwa ticha.

"Ngojeni, tumrekodie mama!" ticha akapaza sauti. "Kukhu, uko na simu? Shikilia hapo. Mtoto, msalimie mama."

Nikatoa simu nikaiinua mbele ya uso wangu. Binti yangu akasogea karibu, akaikazia macho. Nilimwona kwenye kioo cha simu, mdogo, kofia imemwangukia sikioni.

"Mama," akasema, "nimemaliza nasari. Nilikuwa namba tatu. Nakupenda sana." Halafu akashusha sauti, ticha asisikie. "Mama, pona haraka urudi."

Simu sikuishusha. Ningeishusha angeuona huu uso.

"Imeingia?" ticha akauliza. "Mtumie leo leo, kukhu, atafurahi."

Nikamwambia mamake ameshaiona.

"Ala!" akasema, akageukia watu na maikrofoni. "Mtandao wa huko Saudia uko mbio hivyo?" Watu wote wakacheka, na binti yangu akacheka pamoja nao.