Kona ya Jiwe la Mama

Wiki ile tulikuwa tumemzika mama. Jiwe lake la kusagia wimbi tuliliegemeza ukutani, nje ya nyumba yake. Kwetu jiwe la marehemu halisagiwi mpaka matanga yaishe, kisha humwendea mke wa kitinda mimba. Kitinda mimba ni mimi.

Tuliporudi kutoka kuchuma chai, tulikuta kona ya jiwe imevunjwa kwa nyundo. Mzungu mtafiti wa mawe alikuwa amechuchumaa uani, anachungulia kipande kwa kioo cha kukuzia. Mkalimani wake alikuwa kijana wa mjini Kisii.

"Mzee, ni jiwe tu," mkalimani akaniambia.

"Na kwa mama yako," mke wangu akamwuliza, "huwa unabisha hodi kwa nyundo?"

Kijana akainamisha kichwa, akaeleza. Ndani ya jiwe mlikuwa na chembe za kijani zinazong'aa. Zilipokuwa zikikua katika mwamba ulioyeyuka, zilifungia ndani yake matone madogo ya uji ule wa moto. Uji unaofika juu hubadilika na kupoteza hewa yake. Tone lililofungiwa hubaki na siri ya kule lilikotoka. Mzungu alitaka kupima matone hayo ajue ni vitu gani hupanda na joto kutoka chini kabisa ya ardhi. Alidhani jiwe ni la mlima wetu.

Jambo lenyewe lilikuwa zuri, sitasema uongo. Lakini majivu ya moto wa matanga walikuwa wameyakanyaga, wasingoje hata mtu wa kumwuliza.

"Hilo si la mlima huu," nikasema. "Nyanya yangu alilipata upande wa ziwani, akalilipia kwa wimbi."

Ziwani wapi? Sikujua, na waliojua wamekufa. Mkalimani alipomfasiria, Mzungu akafunga daftari lake. Jiwe lisilojulikana lilikotoka halikumfaa. Akaniwekea kipande mkononi kama anayerudisha kibiriti alichoazima, wakaondoka. Hakuna aliyesema pole.

Nilijaribu kukipachika. Hakikukaa, maana nusu yake walikuwa wameshaiponda kutafuta zile chembe.

Matanga yalipoisha, mke wangu alilichukua jiwe hivyo hivyo. Kila aliposaga, unga ulimwagika upande wa kona ile, naye akauzoa kwa kiganja, akaendelea kusaga. Hilo lilinikera kuliko kama angelalamika. Wangeuliza tu, ningewaambia kabla ya nyundo.