Asubuhi Aliyokatazwa Kusema Mama Consolate

Cherehani yangu iko barazani, ikitazamana na lango la garderi ya Mama Consolate, nyumba ya kulea watoto, hapa mtaani Mulongwe. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyasababisha mwenyewe, kama mtakavyosikia. Jina langu ni Generose. Wanaoniita mmbea hawajakosea sana, ila mmbea anayeshona vizuri watu humsamehe.

Consolate ana watoto wanne wa tumbo lake na arobaini na watatu wa garderi, na ukimwuliza ghafla atakutajia wale wa garderi kwanza. Saa moja asubuhi akina mama wanaokwenda sokoni kuuza ndagala na mihogo hupita langoni kwake. Kila mmoja humkabidhi mtoto mkononi, kisha humwinamia sikioni na kumnong'oneza: huyu jana hakulala, huyu ana homa kidogo, huyu baba yake amesafiri, akiona mtu anafunga mzigo atalia. Sisi huliita neno la langoni. Consolate huitikia "mm, mm," na neno linaingia kichwani mwake na kukaa humo. Kwa miaka sita hakuandika hata moja, wala hakumwambia Jolie, msaidizi wake, mwanamke kijana mtulivu mwenye mikono myepesi. Jolie akiuliza kwa nini mtoto Keza hataki kulala mchana, jibu lilikuwa lile lile, kwamba anajua yeye: "Wachana naye. Minye najua."

Nilimwambia mara nyingi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Akanijibu kwamba garderi yake haina chawa.

Basi mwaka huu kamati ya kanisa yenye garderi ile ikatoa neno: kila anayeongoza nyumba ya kulea watoto apate breve, yaani cheti, ya uongozi. Atakayeikosa hadi mwisho wa mwezi atabaki mlezi wa kawaida, na kiti cha direktrisi atapewa mtu kutoka nje. Consolate aliogopa sana. Nilijua kwa sababu aliniletea blauzi ile ile kuipunguza kiuno mara mbili katika wiki moja.

Mafunzo yalifanyika Songo, wiki mbili, chini ya Bwana Manirakiza, mtu wa uwanda wa Ruzizi, mpole, asiyecheka upesi. Walifundishwa kugawa kazi, kusikiliza wafanyakazi, kuendesha mkutano bila kugombana. Jioni Consolate alikuja barazani na daftari lake, akinisomea maneno makubwa huku mimi nikipiga pindo. Lakini kuhusu mtihani wa mwisho hakunisomea kitu, nami niliujua baadaye, nilipokwisha kuharibu.

Mtihani haukuwa wa karatasi. Bwana Manirakiza angekuja garderini, na tangu saa moja hadi saa sita direktrisi angeketi pembeni bila kusema neno, bila kuashiria hata kwa kidole. Nyumba iende bila yeye. "Tayarisha bantu bako mbele," alimwonya. Consolate akaitikia ndiyo. Matayarisho yenyewe yalikuwa haya: asubuhi ile alimwambia Jolie, "Leo iko mtihani, weye unaongoza," akaketi. Akina mama hakuwaambia. Mimi, jirani yake wa miaka kumi, hakuniambia.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Clovis. Akasalimu, kimya. Akasalimu tena, Consolate akamtazama tu kwa macho yaliyojaa maji, maana kunyamaza kulimwuma kama jino. Nyuma yake wakaja wengine, wakapata kimya kile kile. Sasa, kwetu mtu asiyeitikia salamu ana moja kati ya mawili: ana ugomvi nawe, au ana msiba. Na nani amewahi kugombana na wanawake arobaini kwa asubuhi moja?

Wakavuka njia kuja kwangu. "Generose, Mama Consolate iko na nini? Namusalimia, ananiangalia tu, macho iko na machozi!"

Mimi nilisema tu kwamba mama yake aliye Makobola ni mzee sana. Sikuongeza neno. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hili lilikuja mbio. Saa tatu soko zima lilijua kwamba bibi wa Makobola amefariki alfajiri. Saa tatu na nusu lilijua na ugonjwa.

Saa nne na nusu tukaingia garderini kama inavyotakiwa. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, vitenge tumejifunga viunoni, viti vichwani, gunia la makaa, unga wa mihogo, na sufuria kubwa ya uji alioupika Marie-Rose wa nyumba ya tatu, maana waliofiwa husahau kula. Nilianza kulia mimi, kwa haki ya ujirani. Watoto walipoona watu wazima wanalia, nao wakaona hapana sababu ya kubaki nyuma. Arobaini na watatu! Bwana Manirakiza alibaki na kalamu hewani. Consolate alikikamata kiti chake kwa mikono miwili, mashavu yamevimba kwa maneno aliyoyazuia.

Hapo Jolie akatoka. Aliwapa walezi wenzake wawili ishara, wakaanza kuimba na watoto, kisha akatugeukia. "Bamama, karibuni, mukae kwanza. Minye sijasikia kilio yoyote. Nani alikufa?"

Kabla hatujajibu, simu ya Consolate ikalia. Yeye akaitazama, akamtazama Bwana Manirakiza, asiguse. Jolie akaichukua mezani na kuifungulia sauti, tukasikia mama yake mzee akifoka kutoka Makobola:

"Consolate! Minye niko hapa naanika mihogo, bantu banapiga simu banilie! Nani anasema nimekufa?"

Sikujitaja. Ila wanawake kumi na watatu walinigeukia kwa pamoja, nikatamani niingie chini ya kiti changu. Kisha Marie-Rose akaanza kucheka, na kicheko kikatuangusha sote. Jolie akamweleza bibi kwa heshima, akatueleza na sisi habari ya mtihani, wala hakutufukuza. "Uji isipotee," akasema. "Kila mama achukue batoto batatu, abakulishe. Na mutusaidie hivyo mpaka saa sita."

Nyumba ikatulia palepale. Tulikaa mikekani, kila mmoja na watatu wake, na kilio kikageuka karamu. Nilimtupia jicho Consolate. Alikuwa ametabasamu kwa majivuno, maana Jolie alikuwa akiongoza vizuri kuliko hata yeye, na Bwana Manirakiza alikuwa akiandika upesi. Zilibaki dakika ishirini tu. Nilifurahi kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili yangu, maana kosa langu lilikuwa linaelekea kusahauliwa.

Kati ya watoto wangu watatu alikuwemo Clovis, ambaye mama yake alikuwa bado sokoni. Nilichota uji, nikapuliza, nikainua kikombe kuelekea mdomo wake. Uji wa Marie-Rose unajulikana Mulongwe nzima kwa jinsi anavyoujaza karanga za kusagwa.

"Generose! Clovis hapana! Iko karanga!"

Consolate alikuwa ameruka kutoka kitini. Kikombe kikaenda huku, uji kule, Clovis akabaki mdomo wazi.

Mwaka uliopita Clovis alikula karanga nyumbani, midomo na koo vikavimba, akakimbizwa hospitali akiwa hawezi kupumua. Mama yake alilileta neno hilo langoni asubuhi moja, na Consolate akaitikia "mm, mm." Tangu siku hiyo alimwangalia mtoto yule kwa macho yake mwenyewe kila saa ya kula. Hakuna mwingine aliyejua.

"Nimeanguka mtihani," akasema Consolate.

"Umesema," akajibu Bwana Manirakiza. "Na kama haungesema, ningekufukuza minye mwenyewe." Akamgeukia Jolie. "Ulijua habari ya ile karanga?"

"Hapana, Bwana."

Akawauliza walezi wengine wawili. Hapana, na hapana. Akafunga daftari taratibu. "Mama Consolate, haukukosa ju ya kusema leo. Ulikosa ju ya kunyamaza miaka sita."

Alilia, maskini, kilio cha kweli, na safari hii viti vyetu vilikuwa tayari. Nami nilisikia aibu, kwa kuwa kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Clovis angekufa kwa mkono wangu, huku nikimpulizia.

Bwana Manirakiza alimpa wiki moja arudie. Alasiri tatu mfululizo Consolate alijifungia na Jolie na wale walezi wawili, akawamwagia kila kilichokuwa kichwani mwake, mtoto kwa mtoto, nao wakaandika. Keza halali mchana kwa sababu aliamka siku moja akakuta mto Mulongwe umeingia chumbani. Kumbe alihitaji tu alazwe karibu na mlango. Hilo niliambiwa baadaye. Siku zile lango lilifungwa kwa komeo, na Consolate alisema waziwazi kwamba ni kwa sababu yangu. Sikukasirika. Nilimshonea Clovis aproni yenye kiraka chekundu kifuani, ili hata mgeni ajue asimpe karanga.

Mtihani wa pili ulipofika, akina mama wote walikuwa wameambiwa, na mimi niliambiwa mara mbili. Saa moja Mama Clovis alimwendea Consolate kwa mazoea, akakumbuka, akamwinamia kwa salamu tu, akapita. Akaenda kumnong'oneza Jolie. Nilikuwa namtazama Consolate usoni. Alikuwa na wivu, nasema kweli. Shingo yake ilirefuka na sikio likafuata upande ule. Lakini alikaa, na aliendelea kukaa hadi saa sita, na nyumba ikaenda bila kilio wala matanga.

"Sasa unaweza kusema, Mama Direktrisi," akasema Bwana Manirakiza, na kwa mara ya kwanza tukayaona meno yake.

Tulisubiri mafuriko ya maneno. Consolate hakuuliza hata breve iko wapi. Alikwenda moja kwa moja kwa Jolie.

"Mama Clovis alikuambia nini?"

"Wachana naye, Mama," akasema Jolie. "Minye najua."

Nikaacha kushona. Kisha Jolie akacheka, akamshika mkono, akawaita na wale walezi wawili waje karibu, na akawaambia wote watatu kwa pamoja.