Mkono wa Nyuma

Kule gatini Mtwara kuli hakupimwa kwa kifua. Alipimwa kwa mkono wa nyuma, yaani ule mkono anaoupeleka juu ya bega kushika sikio la gunia lililomkalia mgongoni. Kifua kila mtu alikuwa nacho. Mkono wa nyuma ukilegea, gunia linateleza upande nawe uko katikati ya ubao wa kupandia melini. Wenzako wamejipanga nyuma yako na magunia yao, na hakuna wa kukusaidia kwa sababu hakuna mwenye mkono mtupu.

Wangu ulilegea mwishoni mwa msimu wa korosho. Nilisikia kitu kikichomoka begani kama kizibo, gunia likaenda majini, nami nikakaa chini pale pale ubaoni huku watu wakinitukana wanipite. Mzee mmoja fundi wa viungo alilirudisha bega mahali pake. Hospitali waliniambia nipumzike. Nilipopumzika, mkono ulipona kwa mambo yote isipokuwa lile moja. Niliweza kula, kuoga, hata kusukuma mkokoteni. Kuupeleka nyuma ya kichwa na kuubakiza huko sikuweza. Ulitetemeka, kisha ukaanguka wenyewe.

Mnyapara wetu hakuwa mtu mbaya. Alinieleza mbele ya gangi zima kwamba nafasi yangu ipo mpaka meli ya kwanza ya msimu mpya. Siku hiyo nitabeba, aone. Nikishindwa atatafuta mwingine. Wenzangu walitazama chini. Siku zile mtu asiye na kazi mjini aliitwa mzururaji, na wazururaji walipandishwa lori wakarudishwe vijijini. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne na matokeo hayakunipeleka popote. Nilikaa mtaa wa Rahaleo kwa dada yangu, mjane mwenye watoto wadogo, na chungu cha nyumba ile kilitegemea bega hilo.

Basi nikaanza kupiga pushapu. Ndiyo mazoezi tuliyoyajua, tulifundishwa kwenye mgambo, na kila kijana wa mtaani aliyetaka nguvu alikwenda chini akasukuma ardhi. Nilisukuma uani kila asubuhi mpaka jasho likachora mwili wangu kwenye mchanga. Kifua kikatuna. Bega likazidi kuvutwa mbele, nikawa natembea kama mtu aliyebeba mtungi kifuani, na mkono wa nyuma ukawa mbaya kuliko mwanzo.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa michezo, mtu wa Mwanza, aliyeletwa na serikali kufundisha shule moja ya pale mjini. Alikuwa akinitazama kupitia ua wa makuti huku anapiga mswaki. Asubuhi moja akaniuliza ninachotafuta. Nikamweleza.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe unasukuma tu. Umewahi kuvuta?"

Akaja uani, akanigeuza kama mnunuzi wa mbuzi, akabonyeza nyuma ya bega langu kwa kidole gumba. Kidole kilizama. Akaniambia hapo ndipo paliponiangusha. Bega lina nyama tatu, ya mbele, ya kando na ya nyuma. Ya mbele nilikuwa nailisha kila siku, na ya nyuma ilikuwa inakufa kwa njaa. Tena ni nyama ndogo, akasema, haitaki ubabe. Ukiipa mzigo mkubwa, shingo na mgongo vinakuja kuifanyia kazi, nayo inabaki imelala.

Alinipa makopo mawili ya maziwa niyajaze mchanga. Nilicheka, mimi mbeba magunia, kupewa makopo ya watoto. Akaniambia niiname mpaka mgongo ulale kama meza, mikono ining'inie, kisha niifungue kwa kando kama ndege, viwiko vimekunjwa kidogo, kidole cha mwisho kikitangulia juu. Nisipandishe mabega kuelekea masikioni. Nisirushe. Kushusha kuwe polepole kuliko kupandisha. Nilipofanya hivyo mara chache tu, mahali pale patupu pakawaka moto na kopo likanishinda. Niliogopa kweli. Kama mchanga wa kopo ulinishinda, gunia la korosho ningelibebaje?

Zoezi la pili lilikuwa la mpira wa ndani wa baiskeli. Niliukata, nikaufunga kwenye nguzo ya mlango usawa wa uso, nikawa nauvuta kwa mikono miwili kuja machoni, viwiko viko juu na vimeachana, mpaka ngumi zipite masikio. La tatu nililifanya nimelala kifudifudi kwenye benchi la dada, mikono imenyooka kando, naiinua na kuibakiza juu huku nikipumua. Watoto wa dada waliniita Bata. Wenzangu wa gatini walipopita na kuniona nimeinama napiga mbawa, nao wakaniita Bata, na jina likafika gatini kabla yangu.

La nne ndilo lililonitia aibu. Mwalimu aliona dada akivuta maji kisimani, mkono juu ya mkono, akasema zoezi tunalo bure mtaani na tunawaachia wanawake. Nikivuta kamba ile nikiwa nimeinama kidogo, viwiko nikivitupa nje badala ya kuvibana mbavuni, bega la nyuma litafanya kazi bila kujua. Lakini kwetu mwanamume hachoti maji mtaani ilhali nyumbani kuna mwanamke mzima. Dada mwenyewe alikataa. Alisema watu watadhani ananitesa. Nilimwambia meli ikija nami nikashindwa, hao watu hawatatulisha. Akanipa ndoo bila kunitazama.

Kisimani palikuwa na mtani wetu, mama muuza mizizi ya porini iitwayo ming'oko, mwenye ulimi mkali kama pilipili aliyoiuza pamoja nayo. Aliniona, akatua ndoo yake.

"Shoga," akaniita, "umeolewa lini? Mbona pilau hatukula?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza mahari yangu ilikuwa nini, mtani akajibu kwa niaba yangu kwamba ni makopo mawili ya maziwa. Kisha akawaambia waniachie nafasi nichote upesi, mume wangu akirudi akakuta mtungi mtupu ataniandikia talaka. Nilivuta kamba macho yakiwa ndani ya kisima. Nilikwenda tena kesho yake, na kila siku iliyofuata, naye hakukosa jipya la kunitania. Baadaye nikajikuta nikiukosa utani wake siku alizochelewa.

Bega likaanza kujibu. Kwanza lilikuwa maumivu ya aina nyingine, ya nyama iliyoamshwa, si ya mfupa. Kisha asubuhi moja nilijipangusa mgongo na mkono ukakaa nyuma ya kichwa bila kutetemeka. Nililala tena kitandani nikalia, nikijifunika kanga ya dada watoto wasinisikie.

Karibu na msimu wa meli nilikwenda Mpapura kumtazama mama. Serikali ilikuwa imewahamishia yeye na jirani zake kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari, na mikorosho yetu ilibaki kule tulikozaliwa, mwendo mrefu kwa mguu. Mama alisema magoti hayamfikishi tena. Nilikwenda peke yangu. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni. Chini ya miti korosho zilikuwa zimeanguka, nyingine zimeoza, nyingine zimeota. Nguruwe pori walikuwa wamepita. Nilitoa mpira wangu mfukoni, nikaufunga kwenye tawi la mkorosho aliopanda baba, nikavuta mpaka jua likapinda. Nilikuwa nazikanyaga korosho zile huku naangalia viwiko vyangu. Sikuwaza kingine chochote.

Meli ilifika. Mnyapara aliniita wa kwanza. Wakanitwika, nikapeleka mkono nyuma, nikalikamata sikio la gunia, nikapanda ubao. Bega lilikaa. Nilihisi ile nyama ndogo imekaza kama fundo la kamba, na shingo yangu ilikuwa huru, kama mwalimu alivyotaka. Nilitua, nikashuka, nikabeba tena. Nyuma yangu mtu aliita "Bata!" na safari hii ilikuwa sifa.

Halafu magunia yakaisha.

Tulidhani lori jingine liko njiani. Tulikaa kivulini mwa ghala. Ghala lenyewe, ambalo miaka iliyopita lilijaa mpaka paani, lilikuwa na mwangwi. Mchana mnyapara alitoka ofisini akasimama mbele yetu, kofia mkononi. Alisema korosho hazikushuka kutoka vijijini, na gangi litapunguzwa nusu. Watakaobaki ni wa zamani, wasiowahi kuumia. Kisha alikuja upande wangu akasema taratibu, kama anayetoa pole:

"Bega umelileta, ndugu. Magunia ndiyo hayakuja."

Nilizikumbuka korosho zile nilizozikanyaga chini ya mkorosho wa baba.

Tangu hapo nimetembea sana, Lindi, Songea, Tunduru, na miji ambayo sikukaa hata kuzoea maji yake. Kila chumba nilichopanga nimefunga mpira mlangoni. Umri umepita arobaini na bega lile ni zima kuliko lingine. Sijabeba tena gunia la korosho.

Lakini siku ile, kabla ya safari zote, nilirudi Rahaleo alasiri. Dada aliniona usoni, akajua. Alikuwa amekwishaweka ndoo mlangoni, kwa mazoea, nami nikaichukua kwa mazoea. Kisimani wanawake walikuwa wamekwishasikia, maana habari za gatini hazitembei kwa miguu. Walinipisha. Nilishika kamba, nikainama, nikatupa viwiko nje, nikavuta. Nilisubiri nitaniwe.

Mtani wetu alikuwa amesimama upande wa pili, ndoo yake imejaa. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akaiacha, akaja, akashika mpini wa ndoo yangu upande mmoja, akanisaidia kuibeba mpaka kwa dada, na njia nzima hakunitania.