Skonzi ya Uzi ya Mzee Hamira

Inatangazwa kwa wapangaji wote, majirani wa mbele na wa nyuma, wenye wivu na wasio nao, kwamba Mzee Hamira, mwoka mikate mstaafu, aliyelisha mtaa mzima kwa miaka thelathini na tisa kabla mtaa haujafumbua macho, amekamilisha kwa mikono yake mwenyewe skonzi moja. Skonzi hiyo ni ya uzi. Ina ukubwa wa limau, imeshindiliwa pamba, inaning'inia kwenye ufunguo, na hailiki, ingawa panya mmoja amejaribu. Wote mnaombwa kusimama.

Haya, kaeni. Tangazo limeisha, na mambo yenyewe hayakuwa ya kupigiwa makofi.

Mzee Hamira alikuwa amepoteza ufunguo wa nyumba mara nne ndani ya miezi mitano. Wa kwanza tulisema ni bahati mbaya. Wa pili ulikutwa ndani ya kopo la unga, umelala humo kama yai. Wa tatu alikuwa ameushika huku anautafuta, akauweka pembeni ili apate mikono ya kutafutia, na hapo pembeni hatujapaona mpaka leo. Wa nne ulipopotea, fundi wa makufuli alikuwa anapita zake tu, akamwona mzee amesimama nje, akashusha begi bila kuulizwa.

Binti yake anauza dawa kwenye duka kule barabara kubwa. Siku nzima anaeleza watu, "Mara mbili kwa siku, baada ya chakula," hivyo hata nyumbani maneno yake hutoka kama yamebandikwa kwenye chupa. Alikuja na ufunguo wa tano, akauweka mezani.

"Baba, huu ndio wa mwisho. Ukipotea, au nikikuta humu ndani kitu chochote cha kunitisha, unahamia kwangu."

"Kwako hakuna oveni."

"Kwangu nipo mimi."

"Wewe hujawahi kuoka hata kiazi, mama."

Alimwita mama, kama alivyomwita tangu utotoni, na binti akageuka akaanza kupanga chupa za dawa zilizokuwa zimeshapangwa.

Oveni ndiyo iliyokuwa kesi yenyewe. Ilikuwa imemeza nusu ya jiko lile dogo, ya chuma, mlango wake unalia ukifunguliwa. Kiwanda cha mikate kilipofungwa, wenzake walipewa vyeti vyenye fremu. Yeye alisema cheti hakipashi joto, akaomba oveni ya majaribio iliyokuwa stoo. Kila Jumamosi asubuhi aliiwasha, akaoka, akagawa. Kwa binti angelala kwenye kochi sebuleni, chini ya televisheni ya watoto, na Jumamosi ingekuwa siku kama Jumanne.

Mtu huyu, mjue pia, hakujua kudanganya kuhusu mkate. Mambo mengine alidanganya vizuri tu, kama watu wote. Umri alipunguza, samaki aliyewahi kumvua aliongeza. Lakini mkate ukitoka ndani aliugeuza, akaugonga tumboni kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ukilia ko, kama sanduku tupu, umeiva. Ukilia pu, unarudi ndani. Ukiungua, umeungua. Wakati mmoja meneja alimwambia ile mikate myeusi waiite ya kahawia waiuze hivyohivyo. Mzee aliipanga juu ya kaunta mbele ya wateja, akasema, "Hii imeungua. Ile pale ni mizuri." Akarudi ndani. Meneja aliugua tumbo siku mbili.

Sasa aingie Mama Nyuzi. Huyu ni mjane wa nyumba ya tatu, anauza vifungo na uzi barazani kwake, na Jumatano asubuhi anafundisha kroshia kwa wanaoanza. Yeye na marehemu mke wa mzee waliitana dada, kwa hiyo mzee alikuwa shemeji yake, na shemeji haonewi huruma, anataniwa.

"Shemeji, ufunguo mtupu mkono hauujui," alimwambia. "Uvalishe kitu ambacho mkono wako unakijua."

"Mkono wangu unajua mkate tu."

"Basi fuma mkate."

"Mimi? Na hicho kindoano chako?"

"Kwani huo mwiko wa kuingizia mikate ulizaliwa nao?"

Jumatano iliyofuata mzee alikaa kati ya wanawake wanne, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi kama anayekwenda kuposa. Somo lenyewe si gumu, hata mimi nimelielewa. Unatengeneza kitanzi. Ndani yake unafuma vifundo sita, unavuta uzi, panajifunga kama kitovu. Duara la pili unazidisha, vinakuwa kumi na viwili. La tatu, kumi na vinane. Kisha unapanda bila kuzidisha, unaanza kupunguza, unajaza pamba, unafunga mdomo. Ukitumia uzi wa kahawia ni skonzi. Ukitumia mwekundu ni nyanya. Ukipotea njiani ni zoezi, na Mama Nyuzi ana kapu zima la mazoezi.

Hatari iko kwenye hesabu. Maduara yanafuatana bila kituo, kwa hiyo kifundo cha kwanza cha kila duara unakitia pini, ukirudi kwenye pini unajua umemaliza. Mzee aliikataa pini.

"Nimehesabu trei arobaini kila alfajiri bila pini."

"Trei hazizunguki, shemeji."

Akafuma. Alihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, sauti ya kiwandani, wanawake wakawa wanacheka na kumjibu kama kwaya. Akafika nane. Ndoano ilibaki hewani, na yeye akautazama ukuta kama mtu aliyeitwa kutoka upande wa pili.

"Nane," Mama Nyuzi alisema polepole.

"Najua."

Hakujua. Alifumua, akaanza upya, akakwama kwenye saba. Siku hiyo alifumua mara kumi na moja, hata uzi ukajikunja wenyewe. Hakuna aliyecheka tena, na hiyo ndiyo iliyomuuma. Mtu wa utani anaweza kuvumilia kuchekwa mwaka mzima. Kusitiriwa hawezi hata dakika tano.

Jumatano ya tatu aliiomba pini mwenyewe. Na alipoiona inafanya kazi, aliipenda kupita kiasi. Alinunua pakiti. Pini ya kola ya kushoto ilimaanisha dawa ya asubuhi imemezwa. Ya kulia, dawa ya jioni. Ya mfukoni, gesi imefungwa. Alitembea mtaani anameta kama jenerali wa nchi isiyo na jeshi, na tukimpigia saluti anaijibu.

Skonzi nayo ikapanda. Ila kuna siku alifika vifundo kumi na viwili, akaacha kuzidisha, akaanza kwenda juu.

"Mbona umeishia hapo?" Mama Nyuzi aliuliza. "Itakuwa ndogo."

"Nimeiachia nafasi ya kuumuka."

Wanawake waliangua kicheko. Mmoja alilazimika kutoka nje. Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa na kichekesho hicho, na tuliokuwa hatupo tulikisimulia kuliko waliokuwepo. Ni baadaye sana Mama Nyuzi aliponiambia kitu ambacho hakukiweka kwenye kichekesho: mzee naye alicheka, lakini alicheka wa mwisho, baada ya kutazama uso mmoja mmoja.

Walimfumulia, akafika kumi na vinane, skonzi ikaisha. Juu yake Mama Nyuzi alishona ufuta wa uzi mweupe. Mzee aliigeuza, akaigonga tumboni.

"Pu," alisema. "Mbichi."

Wiki tatu ufunguo haukupotea. Uliutunisha mfuko wake kama jipu, na mkono wake kila ukishuka ulikutana na skonzi, ukatulia. Binti alikuja, akaukuta, akaiminya skonzi mara mbili, akaondoka bila kusema neno la chupa. Sisi tukaanza kupumua. Tulisema hata mzee amewashinda madaktari, maana mtaa huu haukawii kumpa mtu ushindi.

Kisha ikafika Jumamosi.

Binti alikuja saa nne asubuhi na dawa za mwezi. Akabisha. Mama Nyuzi alikuwa barazani kwake, mimi nikiwa nachagua vifungo vya shati langu vilivyofanana na vilivyobaki. Tulisikia anabisha tena.

"Baba! Fungua!"

"Subiri," sauti ya mzee ilitoka ndani, tulivu, sauti ya mtu aliye kazini. "Bado dakika sita."

"Dakika sita za nini? Fungua mlango!"

"Bado sita."

Hapo ndipo harufu ilipotufikia. Kwanza ya mkate, nzuri, ile ya kila Jumamosi. Nyuma yake nyingine, kali, ya kitu kisichotakiwa kuwa motoni. Moshi mwembamba ukatoka kwenye dirisha la jiko lenye nondo. Binti aliupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Mama Nyuzi alikimbia na ndoano ya kroshia ingali mkononi, sijui alitaka kumfuma nani. Fundi wa makufuli aliitwa mbio, akavunja kufuli kwa mara ya tano, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Mzee alikuwa amesimama mbele ya oveni, saa ya mkono ameishika kiganjani. Pini ya kola ya kushoto ilikuwa mahali pake. Dawa ya asubuhi alikuwa amemeza. Alituona, akaitazama saa, akasema, "Sasa," akafungua mlango wa oveni ukalia, akatoa trei.

Skonzi sita, za kahawia, zimekaa sawa. Ya saba ilikuwa imepangwa katika mstari wao, pale penye nafasi, na pete yake, na ufunguo umelala pembeni kama mkia. Ule uzi wa dukani unaong'aa hauungui vizuri, unayeyuka na kuganda. Ilikuwa imekuwa nyeusi, ngumu, inatoa moshi. Karibu na sinki palikuwa na bakuli la yai lililopigwa na brashi yake. Ufuta wa Mama Nyuzi ulikuwa umeng'arishwa kwa yai.

Binti aliliona bakuli. Nilimwona akiliona. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu anayesoma maagizo siku nzima: akalisukuma nyuma ya kopo la unga, kwa mgongo wa mkono, akaketi kwenye stuli.

"Baba," alisema, na sauti haikuwa ya chupa. "Uliiosha, siyo? Ilikuwa imechafuka mfukoni."

Mzee alikuwa anazipepea skonzi kwa kitambaa.

"Uliiosha kwa sababu ulijua nakuja. Ukaona haitakauka, ukaiweka ndani ikaukie. Kila mtu anakausha vitu. Mimi mwenyewe nilishakausha soksi kwenye oveni hii."

"Kweli, shemeji," Mama Nyuzi alidakia, machozi yanamtoka kwa moshi au kwa kingine. "Uzi wa rangi hiyo unachelewa sana kukauka."

"Sema tu ulikuwa unaikausha," binti alisema. "Sema, Baba. Nitaamini. Tutabadilisha kufuli, na Jumamosi ijayo nitakuja nile mkate."

Nawahakikishieni, hata fundi aliinamisha kichwa. Sote mle ndani, watu wazima, tulikuwa tunamwomba kimoyomoyo mzee mmoja adanganye neno moja, abaki na nyumba yake.

Aliichukua ile ya saba kwa ncha za vidole vilivyokwisha kuzoea moto. Akaigeuza, ufunguo ukining'inia. Akaigonga tumboni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ikalia ko.

"Hii imeungua," alisema. "Hizo sita ni nzuri."