Kijiti cha Gari la Mwisho

Barabara ya pwani inaanzia kwenye mzunguko ulio mbele ya stesheni ya reli, pale ambapo wauza mitumba wameufanya ukuta wa stesheni kuwa kabati lao. Inapita ghala la barafu, inapita kiwanda cha saruji ambacho kimeivalisha miti yote ya jirani vumbi jeupe, inapita mashamba ya chumvi. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo baya, inaipa bahari kisogo na kupanda nyuma ya kilima.

Wageni hudhani ndivyo ilivyochorwa tangu mwanzo. Sivyo. Zamani barabara hii iliifuata bahari kwa ukaidi. Kwanza ilikuwa njia ya wachukuzi wa chumvi, waliopita juu ya mawe chini ya genge la mwamba wakati maji yamepwa. Ikaja kuwa ya kifusi, ikaja kuwa ya lami. Kila ilipojengwa bahari iliilamba, na kila ilipolambwa watu waliinua tuta juu zaidi, mpaka siku moja wakachoka wao kabla ya bahari. Kipande cha chini ya genge kikaachwa. Kinaonekana hadi leo ukisimama kilimani: utepe mweusi uliokatika katikati, na mstari wake mweupe unaoingia majini bila kupunguza mwendo.

Kwenye mdomo wa kipande hicho, upande wa mjini, aliishi shangazi yangu.

Nyumba yake ilikuwa stoo ya wajenzi: vyumba viwili, mlango wa chuma, dirisha moja linalotazama lami. Nyuma ya mlango zilisimama bendera mbili, nyekundu na kijani, vitambaa vyake vimefuliwa hata rangi zikawa kama kumbukumbu ya rangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alishika bendera. Tuta lilipokuwa likitengenezwa, na lilikuwa likitengenezwa daima, magari yalipita kwa zamu katika upande mmoja uliobaki. Shangazi alisimama mwanzo wa kona, mwenzake alisimama mwisho wake, na kati yao lilikuwa genge. Hawakuonana. Redio za mkononi zilikoroma tu pale chini ya mwamba.

Kwa hiyo walitumia kijiti. Kilikuwa na urefu wa mkono, kimepakwa nyekundu na nyeupe. Shangazi aliruhusu magari, na lile la mwisho alilisimamisha akampa dereva kijiti: "Mpe mwenzangu kule." Mwenzake hakufungua njia mpaka akishike. Akishakishika, amejua kwamba ndani hakuna mtu. Naye anaruhusu magari yake, na la mwisho linakirudisha. Kijiti hakikuwa na maneno mengi. Kilisema neno moja tu: nyuma yangu hayupo mtu.

Mwenzake waliyempachika jina la Ngoja aliajiriwa kutoka upande wa pili. Jina lilitokana na jibu lake kwa kila dereva mwenye haraka: "Ngoja. Kijiti hakijafika." Hata msimamizi mkuu alingojeshwa, jua likimkaanga upara. Kwa msimu mzima shangazi hakuijua sura yake. Alijua tu kwamba siku moja kijiti kilirudi kimezungushiwa uzi wa bluu, na dereva aliyekileta alikuwa anacheka.

"Dada, mwenzako kakivalisha. Sijui kinaona baridi?"

"Peleka gari yako huko. Umbea hauendi na breki mbovu."

Lakini jioni ile ile alikifunga kipande cha leso na kukirudisha. Madereva wakawa washenga. Walipooana, msafara wa harusi ulikuwa wa malori, na mpaka uzee wake shangazi alikuwa akisema, "Wenzangu waliposwa na wazee kwa vikao. Mimi nimeposwa na magurudumu kumi."

Siku ya msiba ilikuwa ya mvua kubwa na maji makuu. Shangazi alitoa kijiti kwa lori la chumvi, la mwisho katika foleni, likaingia konani. Kisha akangoja. Hakuna gari lililotokea upande wa pili. Akangoja tena, amesimama na bendera nyekundu mvuani, kwa kuwa ndiyo sheria: asiye na kijiti haondoki. Walikuja watu kwa miguu, wamezunguka juu ya kilima, kumwambia kwamba tuta limekwenda.

Na Ngoja? Waliokuwa kwenye foleni yake walisema kijiti kilichelewa. Dereva mmoja alimtukana. Ngoja akaichomeka bendera yake nyekundu kwenye pipa la mchanga, akasema, "Ngojeni, nakifuata," akaingia kwenye mvua. Baadaye kidogo lori la chumvi lilitoka kwa kasi, likapita bila kusimama. Je, ndani ya lori walikuwamo watu wawili au mmoja? Hapo ndipo mashahidi waligawanyika. Wengine waliona kichwa kimoja. Wengine waliapa ni viwili. Lori lenyewe halikupita tena barabara ile.

Bahari haikurudisha maiti. Maisha ya shangazi yakaning'inia kwenye hicho kichwa cha pili.

Watu hawana dogo. Mawifi zake walisema Ngoja alipata bendera nyingine huko mbele. Baba yangu alimsihi ahamie mjini, akae nasi. Jibu lilikuwa lile lile: "Kama alipanda lori, atarudi na kijiti, na atanikuta. Kama hakupanda, basi yumo humo ndani. Sasa mimi naondokaje, na mtu yumo ndani?"

Barabara mpya ikapita nyuma ya kilima. Kelele za magari zikahama. Shangazi alipata kazi ya kufagia kiwanda cha saruji, akastaafu, na kila alasiri, maji yakianza kujaa, alivaa kizibao chake cha rangi ya machungwa akaenda kusimama mwanzo wa kona na bendera nyekundu, mbele ya barabara isiyo na gari. Nimesimama naye mara nyingi. Sina neno la kitaalamu la kile nilichokisikia pale. Upepo ukipita katika nyufa za genge hutoa mlio wa injini inayopanda gia, mbali, ikija. Nawe hujikuta umesogea pembeni kuipisha.

Halafu ukatangazwa mpango wa kuipanua barabara ya juu. Bahari ilikuwa inakula mguu wa kilima, kwa hiyo kipande cha zamani kingejazwa mawe pande zote mbili na kufungwa. Nyumba ya shangazi ilikuwa kwenye njia ya mawe. Alipewa chumba kingine, kizuri, karibu na kiwanda. Hakwenda hata kukitazama. Ukoo ukanituma mimi.

Nilimkuta anakaanga vitunguu, mgongo kwangu.

"Wamekutuma."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wamekutuma wewe kwa sababu unajua kusema polepole. Baba yako alikuwa anapiga kelele, angalau nilipata usingizi baada yake. Kaa."

"Mtambo unakuja kesho kutwa."

"Uje. Nao nitausimamisha. Nimesimamisha mikubwa zaidi."

Nilikuwa nimekuja na hoja, na hoja zote zilikuwa za mtu anayeamini kwamba barabara ile ni tupu.

Kesho yake asubuhi aligonga mlango mzee mrefu, amepinda kidogo mabegani kama watu walioishi wameegemea usukani. Alishika kitu kilichofungwa kwa taulo. Alisema amesikia redioni kwamba njia ya zamani inafungwa. Shangazi aliitazama taulo, hakumtazama yeye.

"Ulikuwa peke yako?" akauliza.

Mzee hakuuliza ni lini. Akasema, "Peke yangu, mama."

Shangazi alikaa kitandani. Mzee alibaki amesimama, akasimulia huku akiiangalia sakafu. Maji yaliingia kwenye injini katikati ya kona, lori likazima. Alihangaika nalo hadi likawaka, na wakati huo alihisi tuta likitembea chini ya magurudumu. Akakanyaga mafuta. Mvua ilikuwa kama ukuta. Halafu akasikia mtu anagonga ubavu wa lori.

"Anagongaje?" shangazi akauliza.

Mzee aliinua mkono, akagonga mlango wa chuma kwa kiganja: mara mbili, akanyamaza, kisha mara moja. Shangazi akafumba macho.

"Nilijiambia ni mawe. Kama ningesimama, tungekwenda na maji wote. Ndivyo ninavyojiambia hata sasa. Nilifika kule, bendera ipo, mwenyewe hayupo. Nikapita. Kijiti nikabaki nacho chini ya kiti. Mama, nimeendesha barabara nyingine kila upande wa nchi hii. Nikiwa peke yangu, popote, mvua ikinyesha, ananigongea. Nikisimama, hamna mtu. Nimelala na taa, nimeombewa, nimeuza lori. Sasa ananigongea mlango wa chumbani."

"Hadai nauli," shangazi alisema. "Anadai kijiti chake."

Sikujua kama ule ulikuwa mzaha au hukumu. Mzee pia hakujua. Alifungua taulo. Rangi ilikuwa imebanduka, lakini uzi wa bluu ulikuwa bado umekaza kwenye shingo ya kijiti. Shangazi alikipokea kwa mikono miwili. Hakulia. Alisema tu, "Nenda kapumzike, baba. Umekifikisha," na mzee akatoka akitembea kama mtu aliyeshushiwa gunia lakini mgongo haujapata habari.

Maji yalikuwa yamepwa. Shangazi akavaa kizibao chake.

"Mwanangu, vaa viatu. Tangulia mbele."

"Tunakwenda wapi?"

"Ndani. Mwenye kijiti ni wa mwisho, kwa hiyo mimi nyuma, wewe mbele. Na usigeukegeuke kama abiria."

Tuliingia kwenye kona. Majani yalikuwa yametoboa lami. Mstari mweupe ulitutangulia, unapotea, unarudi. Mwamba ulivuja maji kwenye shingo zetu. Nilisikia hatua za shangazi nyuma yangu, nzito, na kipigo cha kijiti kwenye paja lake. Kadiri tulivyokwenda, masikio yangu yaliona taabu kuzitenga hatua zake. Wakati mwingine zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Nilijiambia ni mwangwi wa genge. Sikugeuka, lakini si kwa sababu nilikatazwa.

Tulifika pale lami ilipokatika. Chini yetu kulikuwa na mawe, magugu ya bahari, na vipande vya tuta vilivyolala kama meno. Upande wa pili, barabara iliendelea, tupu.

"Nilidhani nitakipeleka hadi kwake," shangazi alisema. "Lakini yeye hayuko kwenye kituo chake. Yuko hapa."

Alichuchumaa kwa shida. Nilitaka kumshika mkono, akanikunjia uso. Akakigeuza kijiti, akafungua fundo la uzi wa bluu, akaufunga upya kwa kukaza zaidi, kisha akakilaza kwenye ukingo, ncha yake ikitazama maji.

"Baba," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili, "hukuchelewa wewe. Lori ndilo lililozima. Haya, shika. Sasa wa mwisho ni wewe. Mimi natoka."

Akanyanyuka na kugonga ukuta wa mwamba kwa kiganja, mara mbili, akanyamaza, kisha mara moja. Kumbe ndivyo Ngoja alivyokuwa akibisha hodi nyumbani. Tulingoja. Bahari ilivuta pumzi chini ya mawe. Sitasema nilisikia nini. Shangazi alitikisa kichwa kukubali, akageuka, na safari ya kutoka akatangulia yeye.

Siku ya pili vyombo vyake vilienea kwenye buti la gari langu. Mtambo ulikuja na malori ya mawe. Mwendeshaji, kijana wa watu mwenye kofia ya njano, alizima injini akashuka kufanya wanachofanya watu wa barabara kabla ya kufunga njia.

"Mama, kuna mtu ndani?"

Nilifungua mdomo kusema hakuna. Shangazi akanitangulia.

"Yumo mmoja. Wa mwisho. Kijiti anacho yeye."

Mwendeshaji alinitazama, akamtazama, akaitazama kona. Nilidhani atacheka. Alikuwa mtu wa barabara: alivua kofia.

"Basi hakuna mwingine nyuma yake?"

"Hakuna."

Shangazi aliikunja bendera nyekundu akaitia kwapani. Akaishika ya kijani, ile ambayo sikuwahi kumwona akiitumia, akaiinua mbele ya barabara ile kwa mkono ulionyooka. Lori la kwanza likarudi nyuma, likamwaga. Mawe yaliporomoka, yakagongana: mawili, kimya, kisha moja.

Mwendeshaji alinigeukia haraka, kama aliyesikia hodi. Shangazi alikuwa ameshaelekea kwenye gari, bendera ingali juu.